Uzi maalumu: Kuweka sakafu ya vinili mwenyewe, kuanzia zege hadi skatingi

MkaziWaTegeta (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali kuhusu sakafu ya vinili ni mengi na majibu yametawanyika huku na kule, basi nimeona niyakusanye mahali pamoja. Nimeweka nyumbani kwangu, nikamsaidia shemeji yangu Kigamboni na majirani wawili watatu. Nitaandika kirefu. Video nyingi za mtandaoni zinaanzia pale mtu anapofungua boksi, wakati mafanikio ya kazi hii yanaamuliwa kabla boksi halijafunguliwa. Yanaamuliwa na zege lililo chini.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Ukiingia dukani Kariakoo ukasema unataka vinili, unaweza kuonyeshwa vitu vinne tofauti na vyote vikaitwa jina hilo hilo. Kuna kapeti la plastiki linalokatwa kwa mita kutoka kwenye rola. Kuna vipande vyembamba vyenye gundi yake mgongoni, unabandua karatasi na kubandika. Kuna mbao laini za milimita 2 hadi 3, ambazo unapaka gundi sakafuni kwa mwiko wa meno kisha unazilaza. Halafu kuna mbao ngumu za kliki, zile ambazo boksi lake limeandikwa SPC. Moyo wake ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki ya PVC, unene wake ni milimita 4 hadi 8, na zinashikana zenyewe ubavuni bila gundi. Mimi nitajikita kwenye hizi za mwisho, kwa kuwa ndizo rahisi zaidi kwa mtu anayejifanyia mwenyewe, ila habari ya sakafu ya chini inazihusu zote nne.

Dukani muuzaji atakutajia unene wa ubao mzima. Wewe muulize unene wa lile tabaka la juu linalokanyagwa. Milimita 0.3 inatosha chumba cha kulala. Sebule yenye watoto, au chumba kinachofungukia nje kwenye mchanga, tafuta 0.5. Ubao mnene wa milimita 6 wenye tabaka la 0.2 utachubuka mapema kuliko ubao wa milimita 4 wenye tabaka la 0.5. Ukiona boksi limeandikwa mil 12 (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi), hiyo ni kama milimita 0.3, na mil 20 ni kama 0.5.

Sasa zege.

Nyumba zetu nyingi za ukanda huu zimejengwa kwa kumwaga zege juu ya mawe au kifusi bila kutandika nailoni chini. Unyevu wa ardhini unapanda polepole kupitia vitundu vya zege. Sakafu ikiwa wazi, ya niru tu, unyevu huo unafika juu na kukauka hewani, wala hujui kama upo. Siku ukiifunika kwa plastiki, njia ya kutokea imezibwa. Ndipo gundi inalegea, chumvi nyeupe inajikusanya kwenye maungio, na chumba kinaanza kunuka uvundo. Yale maneno "haipitishi maji" kwenye boksi yanauzungumzia ubao. Zege lako hayalihusu.

Kupima ni rahisi. Kata nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45. Fagia sakafu vizuri, ilaze, ziba pande zote nne kwa tepu pana pasibaki upenyo. Iache saa 16 au zaidi. Mimi naona bora iache mchana na usiku wake. Weka vipande kadhaa: karibu na ukuta wa bafu, kwenye kona iliyo chini zaidi, na katikati ya chumba. Ukifunua ukakuta matone upande wa ndani, au zege limegeuka rangi na kuwa jeusi kuliko pembeni, unyevu upo.

Na tafadhali pimeni wakati wa masika. Nailoni iliyowekwa Septemba haiwezi kukusimulia habari za Aprili. Nimeona nyumba Tegeta, zile za chini karibu na mkondo wa maji, sakafu ni kavu kabisa wakati wa kiangazi, na ikifika Aprili zege linatota lenyewe bila hata tone kumwagika ndani.

Kwa nyumba mpya, kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene. Zege la inchi 4 lisubiri kama miezi minne. Najua watu wana haraka ya kuhamia. Lisubiri.

Baada ya unyevu ni usawa. Mbao za kliki zinavumilia tofauti ya takriban milimita 5 katika urefu wa mita 3. Zikizidi hapo, ubao unaning'inia, kila ukiukanyaga unabonyea, na ule ulimi mwembamba wa kliki unakatika. Azima rula ndefu ya aluminiamu ya fundi plasta. Ingoje jioni, zima taa, laza rula sakafuni, na mwenzako aweke tochi upande wa pili chini kabisa. Mwanga unapochungulia chini ya rula ndipo penye bonde. Chukua kipande cha ubao wa milimita 5: kikipita pale chini bila kugusa, bonde limezidi. Zungushia chaki. Geuza rula upande mwingine, rudia, mpaka chumba kizima kiwe na ramani yake.

Nundu zinasagwa kwa grenda lenye diski ya zege. Vaa barakoa ya kweli, si kitambaa, na watoto wasiwepo, kwa sababu vumbi la zege lina silika na silika inaharibu mapafu. Mabonde yanajazwa kwa saruji ya kujisawazisha, au saruji na mchanga laini uliochekechwa, pamoja na ile gundi nyeupe ya saruji. Ila niru iliyosuguliwa ikang'aa haishiki kitu. Ikwaruze kwanza, ioshe vumbi, ndipo ujaze, la sivyo utapata ganda linalobanduka vipande vipande chini ya vinili yako.

Utandikaji wenyewe nitauleta kwenye bandiko linalofuata. Karibuni kwa maswali.

Bint_Pwani

Kaka, shukrani sana kwa uzi. Mimi nipo Tanga mjini, nyumba ya marehemu baba, ya zamani. Nilishajaribu hiyo ya nailoni baada ya kuisoma mahali. Kipande cha karibu na ukuta wa nyuma kilijaa matone mpaka yakawa yanatiririka, cha katikati kilikuwa kikavu. Niachane na vinili?

MkaziWaTegeta

Dada, usiachane nayo bado. Matone yakiwa upande mmoja tu, mara nyingi maji yana chanzo cha karibu. Toka nje uangalie ukuta huo. Udongo umepanda ukapita usawa wa sakafu ya ndani? Maji ya bati yanamwagikia hapo hapo? Kuna bomba la bafu au karo upande huo? Kwenye nyumba za zamani udongo wa nje huongezeka mwaka hadi mwaka, kwa kufagiliwa na kwa bustani, mpaka msingi unafunikwa. Chimba, shusha udongo uwe chini ya sakafu, weka mfereji wa kuyapeleka maji mbali, kisha ngoja miezi kadhaa upime tena.

Ukipima tena ukakuta unyevu mdogo tu, unaweza kupaka rangi ya epoksi ya kuzuia unyevu juu ya zege, au kutandika nailoni nene ya mikroni 200 chini ya mbao za kliki, maungio yapandane sentimita 20 na kuzibwa kwa tepu. Ikiwa maji bado yanatiririka kama ulivyosema, hapo nitakwambia wazi: weka marumaru za kauri. Maji yanayosukuma kutoka chini hayashindwi na nailoni, yatatafuta ukuta na kupanda nao.

FundiSakafu

Habari za humu. Mimi ni fundi, kazi hii naifanya Dar na Zanzibar. Mleta uzi kaeleza vizuri, naongeza machache na moja nitampinga.

Sponji. Maduka mengi yanakuuzia sponji nene ya kutandika chini, wakisema inafanya sakafu iwe laini. Geuza ubao wako kwanza. SPC nyingi zina sponji yake imeshabandikwa mgongoni. Ukiongeza nyingine, ubao unapata pa kuzama na kliki zinavunjika ndani ya muda mfupi. Kazi nyingi ninazoitwa kurekebisha zina tatizo hili.

Ninapompinga ni pale aliposema kliki ndiyo rahisi zaidi. Ni rahisi kuunganisha, ndiyo, lakini chumba chenye dirisha kubwa linalotazama magharibi, jua la saa tisa linapiga sakafu moja kwa moja, kliki inatanuka. Ikikosa pa kutanukia inanyanyuka katikati ya chumba kama hema. Hapo mimi naweka ya gundi. Unapaka gundi ya akriliki kwa mwiko wa meno madogo, unangoja itoke weupe iwe angavu na inate ukiigusa kwa kidole bila kuhamia kwenye kidole, ndipo unalaza, kisha unapitisha rola zito la kilo 45. Gundi inaushikilia ubao chini usitembee. Sharti lake ni kwamba zege liwe kavu kweli kweli, kwa sababu unyevu ndio adui wa gundi.

MkaziWaTegeta

Fundi, nimekuelewa na naafiki kwa chumba cha namna hiyo. Nitaongeza kwamba hata ya gundi ipewe pazia zito saa za jua kali. Kwa mtu wa kawaida asiye na rola la kilo 45 na asiyejua gundi imeiva au bado, bado nasema aanze na kliki kwenye chumba cha kulala, aache nafasi ya kutosha ukutani.

Sasa utandikaji.

Mabokso yakifika, yalaze bapa ndani ya chumba chenyewe kwa saa 48, yasisimamishwe wima. Kagua namba ya toleo kwenye kila boksi ziwe zinafanana, kwa maana matoleo mawili ya rangi moja yanaweza kutofautiana na hutaona mpaka yakae pamoja sakafuni. Wakati wa kulaza chota kutoka mabokso matatu kwa zamu ili mbao zenye mchoro mmoja zisikae jirani.

Ng'oa skatingi, zile kanda zinazozunguka chini ya ukuta, kama ni za mbao. Kama ni za marumaru na zimeshikamana na ukuta ziache, utakuja kuongeza ukanda mwembamba mbele yake. Milango fupisha fremu zake chini kwa msumeno: laza kipande cha ubao pembeni ya fremu, weka msumeno bapa juu yake, kata. Ubao utapita chini ya fremu ukiwa safi, bila kuhangaika kuchonga umbo la fremu kwenye ubao.

Kabla ya kulaza ubao wa kwanza, piga hesabu ya safu. Chukulia chumba cha mita 3.5 kwa 4.1, na mbao zenye upana wa sentimita 18 zinazolala kufuata ule urefu wa mita 4.1. Ukutani acha milimita 8 kila upande. Basi upana uliobaki ni sentimita 348.4. Safu 19 nzima zinachukua 342, inabaki sentimita 6.4. Ukianza na ubao mzima, safu ya mwisho itakuwa kijiti cha sentimita 6.4, kinachovunjika na kuonyesha kama ukuta umepinda. Basi chukua 18 ujumlishe 6.4 ni 24.4, gawa kwa mbili: safu ya kwanza na ya mwisho zote kata sentimita 12.2. Katikati zitakaa safu 18 nzima. Hesabu hii ndiyo inayofanya watu waulize fundi wako ni nani.

Kuta zetu hazina sikwea, hilo lichukulie hivyo tangu mwanzo. Pima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande mwingine, ulalo unatakiwa mita 5 kamili. Usipotoka, usifuate ukuta. Piga mstari wa uzi wenye chaki, fuata mstari, na ile safu ya kwanza ichonge kufuata ukuta ulivyopinda.

Ubao wa safu ya kwanza ukatwe ule ulimi unaotazama ukuta. Weka kabari za milimita 8 ukutani. Kila safu mpya ianze na kipande kilichobaki safu iliyopita kama kinazidi sentimita 20, na maungio ya safu mbili jirani yapishane angalau sentimita 20. Kukata hakuhitaji mashine: pitisha kisu kikali mara kadhaa kwenye mstari upande wa juu, inua, vunja kwa goti. Wembe wa kisu ubadilishwe mara kwa mara, maana SPC ina mawe ndani na inaula.

Kuunganisha ingiza ulimi kwenye mfereji ubao ukiwa umeinuka kidogo, kama nyuzi 20, kisha ushushe huku unausukuma. Ukikaa, utasikia mlio mfupi na ule mstari kati ya mbao mbili unapotea. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, haijakaa. Usipige nyundo. Inua, chungulia mferejini. Mara tisa kati ya kumi kuna punje ya mchanga au unyoya wa ubao uliokatwa. Punje moja ukiilazimisha, safu nzima inayofuata itakuwa na mwanya, na utaongezeka kila unavyosogea mbele. Ikibidi kugonga, tumia nyundo ya mpira na kipande cha ubao katikati, kamwe usigonge ukingo wenyewe.

Mpangaji_254

Hamjambo wenzangu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, nyumba ya kukodi, sakafu ni ya simiti iliyochakaa. Huku kila mtu anaweka mkeka wa mbao, ndiyo hiyo yenu ya rola. Mwenye nyumba hataki gundi sakafuni. Naweza kuitandika bila gundi? Ya jirani yangu imejaa mapovu, na inatoka kwenye mlango kila mtu akiingia.

FundiSakafu

Ndugu, inawezekana chumba kikiwa kidogo. Chagua mkeka mnene, angalau milimita 1.5 hadi 2, ule mwembamba sana lazima ujikunje. Ufungue siku moja kabla, ulaze chumbani ukiwa umepanda ukutani kidogo kila upande, uache ujinyooshe. Mkeka uliosimamishwa dukani ukiwa umekunjwa una kumbukumbu ya rola, ukiukata siku hiyo hiyo utarudi nyuma na kuacha pengo.

Mapovu ya jirani yako yanatokana na mambo mawili: vumbi la simiti lililobaki chini, au mkeka umebanwa na kuta pande zote. Acha milimita chache ukutani, skatingi itaziba. Sehemu mbili za mkeka zinapokutana, pandisha moja juu ya nyingine sentimita 5, laza rula ya chuma, kata zote mbili kwa pamoja kwa mkato mmoja. Toa vipande vya juu na chini, zitakutana bila mwanya. Kwenye maungio na mlangoni weka tepu ya pande mbili, na mlangoni weka ukanda wa aluminiamu. Siku ya kuhama unakunja mkeka wako unaondoka nao.

Ukija kutumia gundi ya kopo siku nyingine, ile yenye harufu kali, fungua madirisha yote na uzime jiko, gesi na mkaa pia. Mvuke wake unashika moto.

Mpangaji_254

Asante sana fundi. Kumbe kosa ni kukata siku hiyo hiyo. Nitaanza na chumba cha kulala.

Mama_Wawili

Mimi naomba msaada wa idadi. Muuzaji aliniambia chumba changu kinahitaji boksi saba, mume wangu anasema nane. Kwa bahati chumba changu nacho ni cha mita 3.5 kwa 4.1, kama cha mfano wako! Boksi linafunika mita za mraba 2.23. Pia jikoni, makabati nipandishe juu ya vinili au vinili iishie kwenye makabati?

MkaziWaTegeta

Dada, mumeo yuko sahihi. Eneo ni mita za mraba 14.35. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea, inakuwa karibu 15.8. Boksi saba ni 15.61. Zitakaribia, na ukikosea mkato mmoja au ubao mmoja ukitoka na kona iliyovunjika, utarudi dukani ukakute toleo limekwisha. Nunua nane. Mbao zitakazobaki ziweke uvunguni, zina kazi mbeleni.

Jikoni, mbao za kliki ziishie mbele ya makabati. Sakafu ya kliki haijashikwa popote, inatanuka na kusinyaa kwa pamoja. Ukiweka kabati zito lililofungwa ukutani juu yake, umeipigilia msumari upande mmoja, na itavutana mpaka iachie mahali pengine. Friji na meza havina shida.

Mbongo_Ohio

Salamu kutoka Columbus. Mimi nimenunua nyumba ya miaka ya 1950, na katika chumba cha chini ya ardhi nimekuta vigae vya zamani vya mraba, inchi 9 kwa inchi 9, baadhi vimevunjika, chini yake gundi nyeusi. Nilikuwa nataka kuving'oa na kusaga gundi kwa mashine kisha niweke SPC. Maelezo ya grenda hapo juu yamenitia hamu.

FundiSakafu

Bosi, simama hapo hapo, usisage kitu.

MkaziWaTegeta

Mkuu, fundi amekuokoa. Vigae vya inchi 9 vya zama hizo, na ile gundi nyeusi ya lami, mara nyingi vilichanganywa na asbesto, yale madini ya nyuzi nyuzi. Kikiwa kizima na kimetulia sakafuni hakina tabu kubwa. Kikivunjwa au kikisagwa, nyuzi zake zinaruka hewani, unazivuta, na madhara yake kwenye mapafu, saratani ikiwemo, hujitokeza miaka mingi baadaye. Huko Marekani kuna maabara zinazopima kipande kidogo, mwite mtu mwenye leseni aje achukue sampuli. Hivyo vilivyovunjika usivifagie wala kuvivuta kwa mashine ya kawaida ya vumbi, itatawanya nyuzi. Mara nyingi ushauri unakuwa kuviacha na kuvifunika: sakafu ikiwa kavu na sawa, SPC inaweza kulala juu yake bila kugusa kitu. Lakini pima kwanza. Na chumba cha chini ya ardhi kina unyevu wake, lile jaribio la nailoni linakuhusu sana.

Mbongo_Ohio

Nashukuru mno, wakuu. Nilikuwa nimeshakodi mashine. Naifutilia mbali leo leo.

MsomajiKimya

Nauliza kuhusu afya. Hii si plastiki tupu? Mwanangu anatambaa na kila kitu anaweka mdomoni.

MkaziWaTegeta

Swali muhimu hili. PVC yenyewe ni ngumu, inalainishwa kwa kuongezwa kemikali. Baadhi ya vilainishi hivyo, jamii ya ftaleti, vinavuruga homoni, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kikali kwa vinne kati yake kwenye bidhaa za kawaida tangu Julai 2020. Kapeti laini la rola ndilo lenye vilainishi vingi, SPC ngumu ina vichache mno. Dukani tafuta bidhaa iliyoandikwa haina ftaleti, na ifungue ukiwa na pua yako: ikiwa na harufu kali inayoumiza kichwa, iache. Ukishaweka, fungua madirisha siku kadhaa kabla mtoto hajalala humo, na sakafu ipigwe deki mara kwa mara kwa sababu vumbi ndilo linalobeba kemikali hizo hadi mkononi mwake.

Hapo hapo niseme jambo linaloniuma. Vipande vilivyobaki msiviwashie mkaa. Nimeona majirani wakifanya hivyo jikoni. PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki inayochoma koo na mapafu, na sumu ya dioksini pia. Mama anapikia watoto juu ya moshi huo. Vifungeni mfukoni mvitupe na taka, au mtandike kwenye rafu za stoo.

FundiSakafu

Na matunzo. Deki kwa kitambaa kilichokamuliwa na sabuni laini. Jiki kidogo kwenye doa si neno, kila siku ni neno. Nta usipake. Mikeka yenye mpira chini, ile ya mlangoni, iondoe. Mpira unaacha doa la njano kwenye vinili na halitoki kwa chochote. Tumia ya kitambaa au ya katani. Miguu ya viti gundisha vipande vya zulia.

Mama_Wawili

Swali la mwisho kutoka kwangu. Sebuleni kwa dada yangu kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye chetezo cha udi, ubao mmoja katikati umeungua. Fundi anamwambia lazima ang'oe safu zote kuanzia ukutani. Kweli?

FundiSakafu

Si lazima, mama. Awe tu na ubao wa akiba. Achore mstari sentimita 3 ndani ya ukingo, kuzunguka ubao wote ulioungua, upatikane mstatili, na mistari minne kutoka kwenye pembe za mstatili huo hadi pembe za ubao. Akate kwa kisu taratibu kufuata mistari mpaka aone sponji, atoe kipande cha kati, kisha avute zile kingo kuelekea katikati, zitaachia kliki zake bila kuumiza majirani. Afute vumbi. Ule ubao mpya aukate ulimi wa upande mrefu na wa upande mfupi, na mdomo wa chini wa mifereji iliyobaki. Apake gundi ya sehemu mbili kwenye kingo tu, isifike kwenye zege. Aulaze, afute gundi iliyotoka kabla haijakauka, aweke vitabu vizito juu yake mpaka asubuhi.

Kisu kiwe kipya, na mkono usiwe na haraka kwenye zile pembe, ndipo watu wanapochana ubao wa jirani.